Maige Aliyeshindwa Kuketi

Kaka yangu Maige alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba yoyote pale kwetu, na hili nalitaja mwanzo kabisa ili mtu asije akaniambia kwamba alizaliwa kilema. Wapo wanaosema hivyo. Watu wazima wa leo, waliomwona utotoni mwao akiburuta mguu njiani, wanadhani aliletwa duniani hivyo hivyo. Mimi Scolastika, niliyemfuata kuzaliwa, bado nipo, sijachanganyikiwa, na maadamu mdomo ninao nitasema.

Wakati wa vita ya Hitla alikwenda Geita kwenye dhahabu. Alisukuma vitoroli vya mawe huko chini ya ardhi, akala posho ya unga na maharage, akajifunza Kiswahili cha watu wa kila kabila. Aliporudi kwetu, upande huu wa Shinyanga, alikuwa na blanketi, sanduku la bati na jozi ya mabuti. Mabuti hayo ndiyo yaliyomletea jina. Wazee wakamwita Maige wa Mabuti, na haikuwa sifa. Mtu akitoka Geita kwetu alitazamwa sana, kama bado ni wa kwetu au ameshakuwa wa kwake mwenyewe. Akaoa Apolonia, binti wa kutoka Ushetu, mwanamke mpole mwenye mikono ya kazi, wakapata mtoto wao Donatus. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani kwa mama, na boma letu lilikuwa moja: mama, Maige na mkewe, mimi, na huyo mtoto mdogo.

Sasa elewa jinsi tulivyoishi. Kwetu mtu hakulima peke yake. Kulikuwa na nzengo, yaani majirani wote wa kijiji kwa pamoja, na vijana wa nzengo walikuwa na mkuu wao aliyeitwa nsumba ntale. Nsumba ntale akipiga ngoma alfajiri, kila mwanaume mwenye nguvu anachukua jembe na kwenda shamba la yule ambaye zamu yake imefika. Leo kwako, kesho kwangu. Kujenga ni hivyo hivyo, kuvuna ni hivyo hivyo, na kuzika ndiyo usiseme. Asiyetokea anatozwa mbuzi. Akirudia, anatengwa. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsalimia, na akifiwa hakuna wa kumchimbia kaburi. Usidhani ni mchezo. Nimeona watu wakihama na ng'ombe wao kwa sababu ya kutengwa, wakaenda kuanza maisha Geita porini ambako hawajui mtu.

Nsumba ntale wetu miaka hiyo alikuwa Nkwabi, rika moja na Maige, na walichunga pamoja utotoni. Mimi Nkwabi sikumpenda kamwe, ila sitasema uongo juu yake. Alikuwa mtu wa haki, tena haki iliyonyooka mno, ya kukata huku na huku bila kutazama imekata nini.

Ilikuwa kiangazi, mwaka hamsini na moja kama sikosei, Nkwabi akawa anajenga nyumba mpya. Nyumba zetu zilikuwa za msonge. Paa lilisukwa chini, fito kwa fito, likishakuwa tayari wanaume wanaingia ndani yake kama vifaranga chini ya kuku, wananyanyua kwa pamoja na kulipandisha juu ya kuta. Maige kwa urefu wake alipangwa upande wa mlangoni, mahali penye uzito. Walipokuwa wanalizungusha paa ili likae sawa, wenzake wa upande wa pili wakakanyaga shimo la panya wakayumba, na uzito wote ukamwangukia yeye. Hakuliachia. Alijipinda akalishikilia mpaka wenzake wakasimama tena, na paa likakaa. Aliniambia baadaye kwamba alisikia kiunoni kama mtu amevunja kijiti kikavu. Wakanywa pombe, wakacheka, akarudi nyumbani anaimba.

Asubuhi alishindwa kufunga kamba za mabuti. Apolonia akamfungia, wakalichukulia jambo hilo kuwa uchovu. Kiuno kiliuma siku chache, kisha kikapoa, na sote tukasema imekwisha. Kumbe maumivu yalikuwa yanahama tu. Yalitoka kiunoni yakaingia kwenye tako la kulia, yakashuka nyuma ya paja, yakapita pembeni ya muundi mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Alisema ni kama mtu amemwingizia waya wa moto tangu juu hadi chini halafu anauvuta. Akikohoa, anashika nguzo. Akipiga chafya, machozi yanamtoka, na kaka yangu hakuwa mtu wa machozi.

Mguu ukiuma, nani atawaza mgongo? Tukatazama mguu. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, ngozi safi. Kwetu mguu unaouma bila kidonda una maana moja tu, mtu amekanyaga kitu alichotegewa. Tukamwita mganga, akasema ni mtu wa Geita aliyeionea wivu kazi yake, amemtegea njiani. Akamchanja chale kuanzia nyonga mpaka kisigino, akapaka dawa nyeusi, na mguu ukaendelea kuuma vile vile, sasa ukiwa na chale juu yake. Mganga akadai dume la kondoo. Nikamwambia akamchukue kwa huyo mtu wa Geita.

Jambo la ajabu katika ugonjwa ule ni hili, na ndilo lililotuletea balaa. Kulala Maige aliweza, akijipanga. Kusimama aliweza. Kutembea ndiko kulikompa nafuu kabisa, akizunguka boma maumivu yanalegea. Kuketi ndiko kulikomuua. Ukimpa kigoda, hata akijaribu kwa ujanja wa kuegemea upande mmoja, hamalizi kumeza matonge mawili anaruka juu kijasho kinamtoka. Akawa anakula amesimama, bakuli limewekwa ukingoni mwa ghala. Sasa niambie wewe, mwanaume anayekula amesimama kwake mwenyewe, wageni wakipita wanamwonaje?

Mama yetu, jina lake Sikujua, ndiye aliyeshikilia kwamba apelekwe misheni. Tukampandisha juu ya lori la pamba, akalala kifudifudi juu ya magunia njia nzima. Pale hospitali palikuwa na daktari Mzungu aliyepita mara chache. Alimlaza chali, akamwinua mguu ukiwa umenyooka, na ulipofika nusu tu Maige alipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. Daktari akatikisa kichwa. Akaeleza, na sista akatutafsiria, kwamba kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vitu laini kama gegedu, kimoja kimechomoka na kinaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mpaka kidoleni. Mguu hauna kosa lolote, mwenye kosa ni mgongo. Mimi nilikumbuka paa papo hapo, nikamtazama Maige, na yeye akaangalia ukutani.

Dawa ilikuwa kungoja. Alale juu ya ubao mgumu. Asiiname, asinyanyue kitu, asishike jembe mpaka mtama wa msimu ujao uvunwe. Atembee asubuhi na jioni, polepole, kila siku bila kukosa. Na kama mguu ukianza kulegea, arudi upesi, maana hapo mshipa unakufa. Watu wengi hupona kwa kungoja, daktari alisema hivyo, na kwa kweli Maige alianza kupona.

Nataka hili lieleweke vizuri. Alikuwa anapona. Apolonia aling'oa mlango wa ghala akautandika chini, juu yake mkeka, na hapo ndipo Maige alipolala miezi yote ile. Maumivu yakaanza kurudi nyuma kwa njia ile ile yaliyojia. Kwanza yakaacha kidole, halafu yakaacha muundi, yakabaki pajani. Jioni moja aliketi ukingoni mwa kinu muda wa kunywa uji wote, Apolonia akamtazama kwa jicho la pembeni bila kusema, akiogopa kumwamsha mtu anayeota. Alipomaliza uji akasema kwamba ameketi. Tulicheka wote, hata mama, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Huku nje ya boma letu mambo yalikuwa mengine. Mvua zilikuwa zimeanza na ngoma ya Nkwabi ilikuwa inalia kila alfajiri. Watu wanakwenda shamba na majembe begani, na njiani wanakutana na nani? Na Maige, amevaa mabuti yake, mikono mitupu, anatembea taratibu kama bwana shamba anayekagua. Jioni wanarudi wamechoka, matope mpaka magotini, wanamkuta tena Maige anatembea. Ukiwaambia mtu huyu ni mgonjwa wanakuuliza anaumwa wapi. Mguu. Mguu ule ule anaotembelea? Mimi mwenyewe, kama si kumwona usiku akiuma blanketi, ningesema ni uvivu wa Geita.

Tulilipa mbuzi wa kwanza. Mara ya pili nzengo wakamwita barazani. Nilikwenda nikasimama na wanawake pembeni. Wazee wameketi duara, Nkwabi yupo katikati, na kigoda kimewekwa kwa ajili ya Maige. Alisalimia kwa adabu zote. Akaambiwa aketi. Akajaribu, nilimwona akijaribu, akashuka nusu, uso ukabadilika, akasimama tena wima mbele ya watu wenye umri wa baba yake. Mzee mmoja akavuta ugoro akageuza uso. Kwetu kumsimamia mzee aliyeketi ni kumwambia kwamba yeye si kitu.

"Maige, keti tuongee," Nkwabi akamwambia.

"Siwezi kuketi, Nkwabi. Nikiketi naumia."

"Jembe huwezi. Kigoda huwezi. Kutembea unaweza kutwa nzima." Nkwabi hakupandisha sauti. "Hebu tueleze basi. Umeumia wapi, umeumia lini, ukifanya kazi gani?"

Jibu lilikuwa moja tu, na lingemwokoa. Ila hebu fikiri, kwa akili za kwetu. Mtu akisimama barazani akasema kwamba amepata ugonjwa usioonekana akipandisha paa la fulani, kwamba ameingia chini ya paa lile mzima na ametoka anaungua ndani ya mishipa, amesema nini? Amesema nyumba ile ina kitu. Amesema mwenye nyumba ametumia mwili wa mwenzake kuzindikia boma lake. Baada ya hapo hakuna atakayesikiliza habari za gegedu. Nkwabi angetazamwa kama mchawi, na zamani hizo watu walichomewa nyumba kwa maneno machache kuliko hayo.

Maige akasema tu kwamba mgongo wake umechakaa kwa kazi za Geita, na kwamba mtama ukivunwa atalima kuliko wote. Wazee wakasema, ndiyo yale yale tuliyoyasema, nguvu zake ameziacha kwa Wazungu, sisi ametuletea mabuti. Wakamtenga siku ile ile. Masharti ya kurudi yalikuwa yale yale ya siku zote: alime na wenzake siku moja, tangu ngoma ya alfajiri mpaka jua linazama, safu moja na watu, kisha ale nao chungu kimoja.

Njiani nilimfokea. Nilimwambia ni mjinga, anamfichia siri mtu aliyemtenga. Akasema, "Scola, nikifungua mdomo, mimi nitapona mgongo na Nkwabi atachomewa watoto ndani. Ukilisema wewe, sitakuita dada tena." Basi nikalimeza, na Nkwabi amekufa bila kujua. Ninalisema leo kwa kuwa wote wawili wameshatangulia na nyumba ile imeanguka yenyewe.

Kutengwa ni kazi ya kimya. Apolonia akifika kisimani wenzake wanainua mitungi yao hata kama haijajaa. Moto wetu ukizimika, hatuna wa kumwomba kijinga cha moto, nikawa naamka mara kwa mara kuchochea kuni. Ng'ombe wetu waliingia kwa jirani, wakaswagwa nje bila tusi wala neno, na afadhali wangetutukana. Mtoto Donatus akawa anawapungia watu mkono njiani kwa utoto wake, watu wanapita. Maige aliona yote hayo akiwa juu ya mlango wake wa ghala. Alikuwa anasema tungoje, mtama uvunwe tu, tungoje. Na tungengoja, mimi nina hakika tungengoja.

Kisha mama akaugua. Ilianza kifuani, kikohozi kikavu, halafu homa iliyomlaza kabisa. Alikonda mpaka shanga zake zikawa zinacheza mikononi. Tukampa dawa tulizozijua, na misheni hatukuwa na wa kutusaidia kumbeba, mito imejaa na lori halipiti. Sote tuliona anakwenda. Yeye mwenyewe aliona, akaanza kutaja mambo ya mwisho, ng'ombe yule apewe nani, kinu kibaki wapi.

Jioni moja alimwita Maige karibu na kitanda, na mimi nilikuwa namkanda miguu. Maige akasimama ameinamisha kichwa tu, maana kiuno alikuwa anakilinda kama yai.

"Mwanangu, mimi kufa siogopi," mama akasema. "Naogopa kubebwa na wewe na Apolonia na huyu Scola. Nimezika watu wote wa kijiji hiki. Nimewapikia misiba yao, nimewalilia. Nizikwe na watu watatu, kama mtu aliyeokotwa njiani?"

Maige akatoka nje, nikamsikia akitembea kuzunguka boma, akizunguka, akizunguka. Apolonia aliniambia kwamba usiku ule alimsihi. Alimwambia, Baba Donatus, ulichobakiza ni mtama kutoa masuke tu, daktari amekukataza, na kaburi mimi nitalichimba kwa mikono yangu, watu waseme watakavyosema. Maige akamjibu kwamba mama ametaka watu, hakutaka kaburi.

Ngoma ilipolia alfajiri alikuwa amesimama tayari na jembe. Alikwenda peku. Mabuti aliyaacha nyumbani, na nilielewa kwa nini. Nilimfuata kwa mbali nikakaa chini ya kichaka cha minyaa, na sijui nilitaka kufanya nini kama angeanguka, labda kupiga kelele tu.

Shamba la siku ile lilikuwa mbugani, udongo mweusi ule unaoshika jembe halitoki. Wanaume walijipanga safu, ngoma nyuma yao, wanainua kwa pamoja, wanashusha kwa pamoja, wimbo unawasukuma. Maige aliingia mwisho wa safu. Hakuna aliyemsalimia, kwa kuwa alikuwa bado hajarudishwa katika nzengo. Aliinama. Miezi mingi tulimlinda asiiname hata kuokota kijiko, na sasa nilimwona akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, uso umekuwa wa majivu, na hakuchelewa hata pigo moja. Wenzake walianza kumtupia macho. Nikasikia mmoja akisema kwa sauti ya chini kumbe anaweza. Mungu anisamehe, nilitamani jembe limrudie mguuni huyo msemaji.

Jua lilipokuwa utosini nikaona amesita. Jembe lilikuwa juu, likakaa juu kidogo, halafu akalishusha. Akaendelea. Tangu hapo mguu wa kulia ukawa unabaki nyuma, anauvuta kwa nyonga ili ufikie safu. Jioni ngoma iliponyamaza, Nkwabi mwenyewe alimjia na kumshika mkono. Wakamwekea chungu katikati, na safari hii hakuna aliyemwambia aketi, kwa sababu wote walikula wamechuchumaa kwa uchovu, na yeye akapiga magoti.

Aliporudi nyumbani nilimsikia kabla sijamwona. Unyayo wa mguu wa kulia ulikuwa unapiga chini, pwaa, pwaa, kama kandambili iliyokatika. Akaingia uani anacheka. Nasema kweli, alikuwa anacheka, na sijawahi kuogopa kicheko kama kile.

"Scola, hauumi," akaniambia. "Hauumi kabisa. Umenyamaza wote."

Nikatazama chini. Vidole vyake vilining'inia. Nikamwambia ainue kidole gumba. Akakitazama, akakaza uso, akakitazama tena. Apolonia alikuwa amesimama mlangoni amembeba mtoto, na alipoona vile akakumbuka maneno ya daktari kabla yangu, akaketi chini palepale kwenye matope. Tulimpeleka Maige misheni mito iliposhuka. Daktari alikuwa amehamishwa, na sista akaupapasa ule mguu, akamchoma na pini, akasema tumechelewa.

Usiku ule ule wa chungu watu walianza kuja. Walikuja na vijinga vya moto, na maziwa, na unga. Wanawake walimkalia mama kitandani wakambembeleza, wakamwogesha, mmoja akaleta mafuta ya kondoo ya kumchua kifua. Mito iliposhuka, Nkwabi akatoa vijana wa kumbeba mpaka misheni. Na mama, aliyekuwa ameshagawa vitu vyake, mama akapona. Homa ikakatika. Mtama ulipovunwa alikuwa ameketi uani anapepeta.

Sikiliza sasa, hapa ndipo ninapochukiaga mpaka leo. Maige alipoanza kuburuta mguu, ugonjwa wake ukaonekana. Watu wakauona kwa macho. Kila msimu uliofuata nzengo walimlimia shamba lake kabla ya la mtu mwingine yeyote, walimwezekea nyumba, walimvunia, na hawakumdai hata siku moja ya kazi, maana desturi yetu kwa kilema ni hiyo. Mguu ulipokuwa unaungua na bado unaweza kupona walimtenga. Ulipokufa wakaupenda. Nimewaza mara nyingi nani wa kumlaumu, na nikimaliza kuwalaumu wote mmoja mmoja nabaki na hasira yangu mikononi, sina pa kuiweka.

Yeye hakulaumu mtu. Alijifunza kuishi. Alifunga kamba kutoka kwenye kidole gumba mpaka chini ya goti, ili ncha ya mguu isijikwae, na kwa kuwa kuketi sana hakukurudi kamwe, alisokota kamba za katani amesimama, ncha moja ameifunga kwenye nguzo. Kamba zake zilinunuliwa mpaka Nyahanga. Siku za baridi kiuno kilimkumbusha, akawa analala juu ya mlango wake wa ghala. Alizeeka kabla ya wakati wake. Wakati mwingine nilimkuta ameegemea nguzo, kamba imeachwa, anatazama barabara ya kwenda Geita wanakopita vijana wenye mabegi, nikarudi nyuma polepole asinione.

Mama ndiye aliyeteseka. Kila akisikia ule unyayo, pwaa, pwaa, Maige anapita uani, alikuwa anafunga macho. Mara moja tulipokuwa tunachambua pamba sisi wawili alisema, bila kunitazama, "Ningejua nitapona, ningewaambia mnitupe porini, mguu wa mwanangu ubaki." Nikamwambia, mayu, usiseme hivyo. Akasema hasemi, anawaza tu.

Alikufa miaka kadhaa baadaye, kiangazi, usingizini. Na watu walikuja. Sijaona msiba kama ule. Walitoka vijiji vya pembeni, wengine nisiowajua, vijana wakapokezana kuchimba mpaka majembe yakawa yanagombaniwa, wanawake wakapika uani kwetu na uani kwa majirani. Nkwabi, mvi zimeshamjaa, ndiye aliyesimamia. Ilipofika zamu ya mtoto wa kiume kuweka udongo, Maige alishindwa kuinama. Nkwabi akainama yeye, akachota udongo, akamtilia kiganjani, na Maige akauachia kutoka juu. Nkwabi akamwambia apumzike, kazi iliyobaki ni yao.

Nilikuwa nimemshikilia kiwiko. Shingo na kiuno vilikuwa vimekakamaa siku ile, hakuweza kugeuka.

"Scola," akaninong'oneza, "nitazamie nyuma. Wamekuja wote?"

Nikageuka nikatazama. Watu walikuwa wamejaa kuanzia kaburini, wamepita boma letu, wamepita ghala, mpaka njiani.

"Wamekuja wote," nikamwambia.

Machozi yakawa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mama anajua?"

Nikamjibu kwamba anajua.